Karani na Fomu za Milimani

Karani wa takwimu katika ofisi yetu ya afya hupokea fomu za wanaume waliofariki kwa saratani ya tezi dume, akazipanga wilaya kwa wilaya. Ana vidole virefu na sauti ya chini, na kila jina hulisoma taratibu, kana kwamba mwenye jina yuko mlangoni akisubiri kuitwa. Wilaya ya mjini vifo vinapungua mwaka hadi mwaka. Ile ya milimani, alikozaliwa yeye, vinazidi. "Kule watu wanafika hospitali wakiwa wamebebwa," huniambia. "Wanaona haya. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Jumatatu moja ililetwa bahasha ya milimani. Akasoma jina la kwanza, akasoma la pili, kwenye la tatu akaishusha fomu mezani. Nikamwuliza kuna nini.

"Kaka yangu," akasema. "Tulimzika wiki iliyopita."

Nilishtuka. Alikuwa ametuaga kwamba anakwenda kusalimia nyumbani, akarudi na kufanya kazi kama kawaida. "Pole sana, ndugu yangu. Mbona hukutuambia?"

"Mngeuliza kafa kwa ugonjwa gani." Akaipapasa ile fomu kwa kiganja. "Mwaka mzima alikuwa analalamika kiuno. Kila nikienda namwona anavyoamka kwenda chooni mara kwa mara. Nikajua. Lakini ni mkubwa wangu, ningeanzaje kumwuliza habari za mkojo?"

Akaliandika jina la kaka yake, akaongeza mmoja kwenye safu ya milimani, kisha akachukua fomu ya nne.