Upele wa Daktari

Alhamisi nilimpeleka mtoto wangu kliniki ya ngozi, Homa Bay. Mbele yangu alikuwa mama kutoka Karungu, naye mtoto wake amejaa upele. Daktari msichana anayesomea magonjwa ya ngozi akamuuliza, "Mama, nani mwingine nyumbani anajikuna?"

"Ni huyu tu," akajibu, mikono ameificha ndani ya leso.

Mwalimu wake, daktari mkuu, alisimama kando akimtazama. Msichana akavua glavu, akaonyesha alama kati ya vidole. "Mimi niliambukizwa wodini. Nilipaka dawa, ikaisha. Lakini tukimtibu mtoto peke yake, mtamwambukiza tena."

Mama akatoa mikono polepole. "Basi andika dawa ya watu sita, nyathina, mwanangu."

Zamu yangu ilipofika, sikungoja kuulizwa. Nilinyoosha mikono yangu kwanza.