Mkono Mmoja wa Sweta la Mama

Fundi sweta wa Bugarama amefariki. Ujumbe ulinifikia nikiwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Biharamulo, umetumwa na mwalimu mwenzangu wa zamani, maneno machache tu: aliugua wiki mbili, amezikwa jana, matanga yanaendelea. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnamfahamu, ingawa sikuwahi kumtaja jina. Ndiye yule mama niliyemwandika hapa miaka miwili iliyopita, nikasema anafuma vitu saba kwa wakati mmoja na hamalizi hata kimoja. Mlicheka sana. Makala ile ilipigwa picha, ikazungushwa kwenye simu kutoka hapa mpaka Ngara mjini na vijiji vyake, na mimi, niseme ukweli, nilitembea mabega juu mwezi mzima. Leo naandika nimeinamisha kichwa. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu kuna jambo nililolipinda na sina mahali pengine pa kulinyoosha ila hapa hapa.

Nilimjua kwa juujuu, kama watu wengi tunavyowajua mafundi wetu: unajua mlango wake, hujui maisha yake. Alinizidi miaka kadhaa, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo na kumwita dada, naye aliniita mwalimu hata baada ya mimi kuacha chaki. Ufundi wake aliupata Benaco. Kambi ya wakimbizi ilipojaa pale, yeye alikuwa msichana anayepeleka ndizi kuuza, na huko akamkuta mwanamke wa Kinyarwanda aliyekuwa akifumua masweta makuukuu ya mitumba na kuyafuma upya kwa ajili ya watoto, kwa spoki za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Uzi ulipatikana kwa vipande, leo mwekundu, mtondo wa bluu. Mwanamke yule hakukaa kuulilia. Kazi moja ikikwama, aliiweka kando pamoja na spoki zake akashika nyingine, na ule uzi ukitokea aliirudia ya kwanza palepale ilipoishia. Binti wa Bugarama alirudi nyumbani na spoki mbili na tabia hiyo.

Alipokuwa mama wa familia, ukutani kwake palikuwa na misumari saba, na kila msumari ulining'iniza mfuko wa salfeti wenye kazi yake. Kwa mgeni ilikuwa vurugu tupu. Kwake kila mfuko ulikuwa na saa yake. Vitambaa vya makochi vya kroshia vilikuwa kazi ya njiani na ya foleni ya zahanati, kwa sababu vidole vyake vilivijua na havikuhitaji macho. Kofia za vichanga zilikuwa za jioni, wakati wa kupiga soga na jirani huku maharage yakichemka. Masweta ya maua, yale ya kuhesabu mishono, aliyashika asubuhi watu wakiwa shambani, na ukimsalimia wakati huo alikuitikia kwa kichwa tu. Kijiji kikipata msiba hakugusa hata mfuko mmoja. Kwetu mtu hashiki jembe marehemu akiwa bado hajazikwa, naye alisema spoki ndizo jembe lake. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, na katika makala yangu sikuandika hata moja.

Sasa nieleze ya sweta. Mama yangu anaishi Ntobeye, na wanaoijua baridi ya Juni kule hawahitaji kuelezwa. Nilinunua madonge sita ya uzi wa rangi ya damu ya mzee, rangi anayoipenda, nikampelekea fundi nikiwa mbioni kuwahi gari. Aliyapima mkononi, akasema neno nikiwa nimeshageuka. Nikajibu sawa, sawa, nikaondoka. Juni ikafika. Mama akauliza sweta, nikamwambia fundi hajamaliza. Juni nyingine ikafika, nikamwambia vilevile. Jibu lile lilikuwa jepesi mdomoni na halikuwa na gharama kwangu. Siku moja nikapita Bugarama, nikachungulia mlangoni, nikaliona sweta la mama limelala ndani ya mfuko wake, mkono mmoja haupo, na mwenyewe ameketi anafuma kofia ya mtoto wa mtu mwingine. Hasira ikanipanda. Sikumuuliza kitu. Nilikwenda nyumbani nikaandika kwamba mshika mbili moja humponyoka, na huyu wetu ameshika saba. Nikaongeza kwamba nchi hii haiendelei kwa sababu ya watu wa namna yake.

Miezi michache baadaye nikamkuta Benaco akisubiri gari, ameketi juu ya benchi la mama muuza chai. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kinyongo, akanisogezea nafasi. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, haina kroshia wala kitambaa, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hivyo. Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri makala yangu imefanya kazi. Nilijisemea kimoyomoyo, tazama, kalamu imemrudi mtu, sasa ameamua kushika moja kwa wakati. Nilijisifu nikiwa nimeketi ubavuni pake, nakunywa chai. Gari lilipokaribia alisimama, akafunga kitenge vizuri, akaniambia, "Nilisoma, mwalimu. Sweta la mama lipo. Linakusubiri wewe." Nikaitikia kwa tabasamu la mtu anayezijua lugha za mafundi, maana fundi gani asiyesema nguo yako ipo?

Nilifika Bugarama siku ya kumaliza matanga. Baada ya sala na chakula, msemaji wa familia alitangaza kwamba marehemu ameacha kazi za watu, na ukoo hautaki kubaki na kitu cha mtu. Binti yake mkubwa, ambaye naye ni mama wa watoto wawili, akaitoa ile mifuko saba na kuipanga juu ya mkeka mbele yetu. Kila mfuko ulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari kilichobanwa kwa pini. Binti akawa anasoma karatasi, mwenyewe anakuja kuchukua. Nilitegemea kusikia visingizio. Nilichokisikia kilinifanya nianze kutazama miguu yangu.

Karatasi ya kwanza ilisema: sweta la shule, mtoto aletwe apimwe mkono. Mtoto huyo sasa yuko kidato cha pili na hakuletwa. Ya pili ilisema: kitambaa cha meza, mwenyewe achague kama anataka kiwe cha mviringo au cha pembe, na mwenyewe, mzee mmoja wa kanisa, alikohoa akakipokea bila kuinua uso. Ya tatu ilikuwa kofia ndogo nyeupe iliyofika nusu. Binti alisita kidogo kabla ya kusoma: mtoto alizaliwa hakuishi, mama yake hajarudi, nikae nayo mpaka aseme mwenyewe. Mwanamke mmoja aliinuka nyuma ya wengine, akaichukua ile kofia pamoja na spoki zake, akarudi kuketi. Hapo tulielewa sote. Katika mifuko ile hapakuwa na kazi iliyoachwa kwa uvivu. Kila moja ilikuwa imesimama mahali pale ambapo mmoja wetu alitakiwa kuja na hakuja.

Mfuko wangu ulikuwa wa sita. Binti alisoma kwa sauti ileile aliyosomea mingine. "Sweta la mama wa mwalimu. Mkono wa pili nimeanza vidole vinne, uzi umeisha. Nilimwambia siku ile aongeze mawili, anunue duka lile lile kabla rangi haijabadilika. Alisema sawa." Ndipo lile neno nililopewa nikiwa nimegeuza mgongo liliponirudia masikioni, zima kama lilivyosemwa. Niliinuka. Watu walinitambua, kwa sababu picha yangu hutoka juu ya safu hii, na walikuwa wameisoma makala. Hakuna aliyenizomea. Kama wangenizomea ningeshukuru. Walinipisha tu nipite, kwa heshima, kama wanavyompisha mwalimu.

Nilipokuwa nakunja sweta, binti alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. Alisema mama yake aliacha kufuma njiani tangu makala ile, kwa sababu watu walikuwa wakimwona na kroshia wanamuuliza leo ni ya ngapi. "Watu wakaanza kupeleka uzi kwingine, mwalimu. Akawa akienda Benaco anakaa tu, anaiangalia mikono yake." Nikamuuliza kwa nini hakunijia juu, kwa nini hakunitajia ule uzi siku tulipokutana. Binti akanitazama kama anayetazama mtu mgumu wa kuelewa. Akasema mama yake alikuwa amekwisha kuniambia mara moja.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo ni nani kati yetu alikuwa na kazi nyingi zisizokwisha. Nina msingi wa nyumba hapa Biharamulo, mwaka wa tisa sasa, majani yamenizidi kimo, na watu wakiuliza ninajibu kwamba ujenzi unaendelea. Nina daftari tatu za vitabu nilivyovianza. Nina ahadi kwa wanafunzi wangu wa zamani ambazo hata sizikumbuki zote. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba nchi haiendelei kwa sababu yangu. Mtu wa ofisi akishika mambo saba tunasema ana majukumu mengi, tunampisha apite mbele. Mama wa kijijini akishika saba tunasema hana mpango. Na tofauti kati yetu, kama ipo, ni kwamba yeye alijua kila kazi yake imesimama wapi na inamngoja nani. Mimi siwezi kuwaambia hivyo hata kuhusu msingi ule.

Nilidhani aibu yangu ingeishia Bugarama. Nilifika Ntobeye na ule mfuko, nikamweleza mama kila kitu, pamoja na ule uongo wa Juni mbili. Naandika kwa Kiswahili aliyoyasema kwa Kihangaza. "Mwana wanje," alianza, yaani mwanangu, kisha akaupapasa ule mkono mmoja. "Mimi nilikutana naye parokiani, siku jumuiya zote zilipokusanyika. Nilimwambia mbele ya akina mama wenzangu kwamba amekula uzi wangu. Alisema tu, mama, nyoosha mkono nikupime, ili siku uzi ukija nisikusumbue tena. Nami nikakataa kuunyoosha." Alikuwa analia. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, hajawahi kumsema mtu vibaya bila sababu, na sababu hiyo ya uongo nilimpa mimi.

Nilitafuta uzi Ngara mjini, nikatafuta Biharamulo, nikafika hata lile duka la mwanzo. Damu ya mzee ipo, lakini si ile. Ya sasa imeelekea udongo, na ukiiweka karibu na ya zamani hata mtu mwenye macho mabovu anaona. Nilinunua madonge mawili. Binti wa marehemu alikubali kuumalizia mkono kwa spoki zilezile za mama yake, kuanzia pale kwenye vidole vinne. Nilimwambia mama kwamba naweza kumnunulia sweta jipya dukani, zuri, la rangi moja. Alinikatalia, akasema atavaa hilo hilo, tena Jumapili.

Kwa hiyo nasahihisha. Niliandika kwamba fundi sweta wa Bugarama hakumaliza kazi. Si kweli. Alimaliza kila kilichokuwa juu yake, na kilichobaki kilikuwa juu yetu. Nilipoiona kazi imesimama, jambo la kwanza lilikuwa kuuliza inasubiri nini, na swali hilo lilihitaji maneno matatu tu na hatua nne kutoka mlangoni. Niliona ni rahisi zaidi kuandika maneno elfu. Ninyi mliocheka nami, nawaomba mkicheka tena mtu wa namna ile, mjipekue kwanza kama hamna uzi wake mifukoni mwenu.

Kule Ntobeye baridi imeingia, na mama anavaa sweta lake kila Jumapili. Mkono wa kulia ni wa rangi moja na kifua, wa kushoto umeelekea udongo kuanzia juu kidogo ya kiganja. Baada ya misa watu humzunguka kumsalimia, na hakosekani mmoja wa kuuliza kwa nini mikono haifanani. Mama huinyoosha yote miwili ili waone vizuri. "Huu ni wa fundi," husema. "Na huu ni wa mwanangu, alichelewa kuleta uzi." Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama hapo hapo ubavuni pake, na wote waliokuwapo wakageuka kunitazama.