Maneno Niliyoyaacha Khayega

Siku za juma nilishona nguo barazani pa duka moja pale Khayega, na Jumapili nilikuwa mdomo wa watu wengine. Wahubiri walikuja kanisani kwetu kutoka mbali, wakahubiri kwa Kiswahili, nami nikasimama kando yao na kugeuza maneno yao kuwa Kiluhya, ili akina mama wa mistari ya mbele wasirudi nyumbani mikono mitupu. Niliipenda kazi hiyo kuliko cherehani. Ukitafsiri kwa muda mrefu unafika mahali ambapo huisikii tena sauti yako. Maneno yanaingia na sura moja, yanatoka na sura nyingine, nawe uko katikati kama mtu aliyelala macho wazi.

Ndiyo maana yule mgombea udiwani alinitafuta, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Alizaliwa kwetu, lakini wazazi wake walihamia Lugari akiwa bado anabebwa mgongoni, wakalima mahindi huko, akakulia kati ya watu wa makabila yote. Kiluhya chetu alikisikia vizuri, ila akikisema watoto walicheka. Aliwahi kurudi kwetu akiwa afisa wa kilimo, na kwa miaka kadhaa alipita na baiskeli yake nyeusi akituonyesha namna ya kupanda hiki na kile. Sasa alikuwa ameacha kazi ya serikali, anaomba kura.

Chini ya boma letu kulikuwa na chemchemi. Hata leo nikifumba macho naisikia. Maji yalitoka chini ya jiwe, baridi ya kuumiza meno, na kaa wadogo walijificha kwenye majani tulipoinama kuteka. Nilipokuwa shule ya msingi, afisa huyo alileta miche ya mikaratusi, akasema itashika udongo wa bonde na kutupa nguzo za nyumba. Ilipandwa pande zote za chemchemi. Ilikua upesi, kana kwamba kuna mtu aliyeiita kutoka juu. Kisha maji yakapungua yakawa kama uzi, yakawa tope, yakawa majani makavu tu. Tangu hapo mama yangu aliteremka hadi mtoni, mbali, akapanda na mtungi kichwani, asubuhi na jioni. Sikumsikia akilalamika. Nilisikia tu pumzi zake akifika mlangoni.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Khayega, siku ya soko. Ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri nilipofika, na pikapu ya kampeni ilionekana kama inaelea. Shemeji ya mgombea, kaka wa mke wake, ndiye aliyesimamia kila kitu. Alinivuta kando.

"Dada, huyu mtu ana wazimu kidogo," akaniambia. "Anataka kuongea juu ya ile miti. Watu hawapendangi mtu anayejitukana. Akiharibu, wewe tengeneza. Wao watasikia kile utasema."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilitaka ashinde.

Jua lilipanda, vumbi la soko likageuka rangi ya asali. Mgombea alipanda nyuma ya pikapu, nami kando yake. Alizungumza juu ya barabara na zahanati, nami nikageuza, sentensi kwa sentensi, mpaka nikafika pale mahali pangu pa kutojisikia. Kisha akavua kofia.

"Kuna jambo lazima niseme," akasema kwa Kiswahili. "Chemchemi ya bondeni ilikauka kwa sababu yangu. Nilikosea. Kuna mama alinifuata siku tunapanda, akaniambia, 'Mwanangu, mti huu unakunywa kuliko ng'ombe.' Nilicheka. Nilimwambia arudi jikoni. Yeye alijua, mimi sikujua."

Akaniangalia, akingoja. Mbele yangu kulikuwa na nyuso nyingi zimeinuliwa, na kati ya akina mama walioketi kwenye leso nilikiona kilemba cha mama yangu. Shemeji alikuwa amesimama kando ya gurudumu. Nikafungua mdomo, na nikajisikia nikisema kwa Kiluhya, "Anasema chemchemi yetu ilikauka, na jambo hilo lilimhuzunisha sana."

Watu wakapiga makofi. Makofi marefu, laini, kama mvua ya mbali. Mgombea alinikazia macho kidogo. Nikadhani atanirekebisha. Akavaa kofia yake, akaendelea na barabara.

Jioni mama alisonga obusuma, ugali wetu, tukala na mboga ya mrenda. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Kumbe alihuzunika pamoja nasi," akasema. "Nilidhani alitusahau."

Nikalirudisha tonge bakulini. Nikamwambia, "Mama, hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

Nikamweleza yote, nikimtazama vidole. Nilipofika kwa yule mama aliyefukuzwa arudi jikoni, mkono wake ulisimama juu ya bakuli.

"Alisema hivyo? Kwamba mti unakunywa kuliko ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote. Lakini kwa Kiswahili."

Nje, mbuzi wetu alikuwa akikohoa. "Mama huyo ni mimi," mama akasema hatimaye. "Baba yako alinikemea kwa kubishana na mtu wa serikali. Sikumwambia mtu mwingine yeyote." Kisha akauliza, bila hasira, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Kwa nini ulininyima maneno hayo?"

Nilikuwa nimeketi karibu naye maisha yangu yote, nimekunywa maji aliyoyabeba, na sikujua.

Kesho yake nilimfuata mgombea kwenye nyumba aliyokodi sokoni. Nilimkuta akipiga viatu rangi. Nilimwambia, "Mheshimiwa, jana sikutafsiri ulivyosema."

"Nilisikia," akajibu. "Kiluhya nakisikia, dada." Alisugua kiatu kimoja kwa muda mrefu. "Ningeweza kukurekebisha pale pale. Lakini makofi ni matamu. Nilisema moyoni, basi, nimeshasema, kama hawakusikia si kosa langu."

"Yule mama ni mama yangu."

Kiatu kilimponyoka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, upande wa msituni. Mama alitembea tangu asubuhi, amevaa gauni lake la kanisa. Aliketi nyasini, mbele kabisa. Mgombea alipovua kofia, shemeji yake aligeuka akatazama miti.

Safari hii niligeuza kila neno. Nilikosea. Nilicheka. Nilimwambia arudi jikoni. Maneno hayo kwa Kiluhya ni mazito kuliko kwa Kiswahili, au pengine yalikuwa mazito mdomoni mwangu tu. Hakuna aliyepiga makofi. Upepo ulipita juu ya uwanja, na kwa kitambo nilihisi kama sote tunaota ndoto moja, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuamka.

Kijana mmoja nyuma ndiye aliyeamka. "Kama ulikosea kwa miti, utakosea kwa barabara!" Watu wakaangua kicheko.

Hapo mama akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu, hata kanisani. "Ni mimi niliyekuambia," akasema kwa Kiluhya.

Nilijua kwamba mgombea ameelewa. Hata hivyo niligeuza maneno yale kwa Kiswahili, kwenye kipaza sauti, kwa sababu nilitaka yasikike kote alikotembea na baiskeli yake. Mgombea alishuka kwenye pikapu. Aliushika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusikia," mama akasema. "Nimekusamehe."

Akaketi tena, akapanga gauni lake juu ya magoti.

Mgombea alishindwa vibaya. Kabla hata ya siku ya kura, vijana wa mpinzani wake walikuwa wakipita sokoni wakiimba "Nilikosea, nilikosea," wakicheza. Shemeji yake aliacha kunisalimia. Nami nilibaki na swali ambalo bado ninalo kila kampeni zikija na wagombea wakapita mmoja mmoja, hakuna hata mmoja aliyewahi kukosea tangu azaliwe: je, nilimwangusha kwa kusema kweli, au nilitaka kumbeba kwa uongo? Nikidhani nimepata jibu, linayeyuka.

Mama hakuwa na swali. Nilimuuliza tukirudi kutoka kupiga kura, miguu yetu imejaa vumbi.

"Ulimpa?"

"Hapana. Nilimpa yule mwingine. Yeye ni wa ukoo wa mama yangu, na zahanati ataijenga karibu."

"Lakini ulimsamehe!"

"Msamaha nilimpa. Ule ulikuwa wangu na wake." Alihamisha leso begani. "Kura ni ya mtu atakayefanya kazi miaka mitano. Ungetaka nivichanganye?"

Niliudhika siku nzima.

Baada ya mwaka mpya, mgombea alikuja bondeni. Hakukuwa na pikapu wala kofia. Alikuwa amezungumza na jirani yetu mwenye shamba lile la mikaratusi, naye akakubali miti mitatu ikatwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alihitaji nguzo, lakini mingine alikataa. Yeye na jirani walikuja na msumeno mrefu wa watu wawili. Mama aliteremka na birika la chai, nami nikabeba vikombe.

"Mimi sikukupigia kura," mama akamwambia, akimimina. Alijaribu kulisema kwa Kiswahili chake kidogo, ili asihitaji mtu wa katikati.

Mgombea alicheka kimya, mabega yakitikisika. "Asante kwa kuniambia, mama." Akanywa chai yote, akarudi kwenye msumeno.

Ulichukua asubuhi nzima mti wa kwanza. Unga wa mbao ulitulia kwenye nywele zetu, na harufu ile kali, kama ya dawa ya kifua, ikajaa bonde. Kisha ukalia, ukainama polepole mno, ukalala. Mahali uliposimama pakaingia mwanga, mwingi, mweupe, juu ya ardhi ambayo haikuwa imeuona kwa miaka. Mama alipiga hatua akasimama katikati ya mwanga huo, na kikombe mkononi, akitazama juu.