Alama Katikati ya Mapacha

Mama mdogo wangu alikuja dukani kwangu Bariadi kutoka Mwamanyili, ameshika karatasi yenye majina ya mabinti zake mapacha. Chuo kimoja cha ushonaji kilikuwa kinachukua wanafunzi, kaya moja fomu moja, majina yasizidi mawili. Mimi nilipewa kazi ya kutengeneza linki za kutumwa kwa simu: mzazi akibonyeza, anakuta majina yamekwisha kujazwa, anathibitisha tu.

"Waandike pamoja, mwanangu," alisema. "Mapacha hawatenganishwi, unajua."

Nilijua. Kwetu ukimpa mmoja kitenge, unampa na mwenzake, hata kama mwenzake hakitaki. Nikaandika majina yao ndani ya linki, na katikati nikaweka alama ya &, ile ya "na", kama kwenye kadi za harusi. Nikajiona nimependezesha.

Kosa ni hapo, nami nilikuwa nimefundishwa. Katika anwani ya wavuti alama hiyo ina kazi yake: inatenga taarifa moja na nyingine. Ikiwa ndani ya jina, lazima iandikwe kwa msimbo wake, %26. La sivyo kompyuta inadhani jina limeishia pale, na kinachofuata inakitupa. Alama ya # nayo ni hivyo hivyo. Nafasi tupu kati ya maneno simu huirekebisha yenyewe, ndiyo maana linki za wengine nilizozijaribu zilikubali. Ya mapacha sikuijaribu. Bariadi nzima nilijiona fundi peke yangu.

Mama mdogo hasomi vizuri. Alibonyeza, akathibitisha, akanishukuru. Orodha ilipobandikwa, aliyetangulia kuzaliwa alikuwamo. Mwenzake hakuwamo, na nafasi zilikuwa zimejaa.

Nilifungua ile linki nikaliona kosa langu papo hapo. Mama mdogo aliponiuliza, nikamwambia mtandao ulikata. Naona haya hata kuiandika sentensi hiyo. Yeye ndiye aliyenipa pole, akasema nisijisumbue moyo, mambo ya mtandao hayana mwenyewe. Binti mmoja akaenda chuoni, mwingine akabaki kwenye shamba la pamba. Mama yao aliendelea kununua vitu viwili viwili, kimoja akikifungia sandukuni mpaka likizo.

Mwaka huu chuo kimefungua tena milango. Yule aliyebaki alikuja mwenyewe, vidole vimechanika kwa makaka ya pamba, yale maganda makavu yenye ncha. Nikaandika jina lake. Lilikuwa jina moja tu, halina alama yoyote ya kuandikiwa msimbo, lakini linki niliijaribu mara tatu. Nilitaka kumwambia ukweli. Badala yake nikamwonyesha pa kubonyeza.

"Kaka," akasema, "tuombe mtandao usikate safari hii."

Nikamjibu kwamba siku hizi mtandao ni mzuri.