Mtungi Ulikuwa wa Udongo

Mwanangu, iko siku moja hainitoki moyoni. Nilikuwa kigori, nimeketi kando ya Nyanya yangu kule Ndera, namtazama akiunda mtungi. Ninaposema mtungi, usifikirie huo wa plastiki, wa manjano, unaopanga nao foleni mferejini Garsen. Huo umekuja juzi, ukarithi jina kwa kuwa ulirithi kazi. Mtungi wenyewe ulikuwa wa udongo, tumbo pana, shingo nyembamba, na maji yake, jamani, yalikuwa baridi hata jua liwake vipi. Nyanya alisema jina limetokana na kutunga: unazungusha kamba ya udongo juu ya nyingine, unazitunga mpaka zishikane. Wenye kamusi wakikataa, wakabishane naye huko aliko.

Niliitamani kazi ile, we! Mikono iliniwasha. Lakini nilifunzwa kwamba mtoto mwenye adabu hadandii kazi ya mkubwa, hungoja kuitwa. Basi nikangoja. Nikamkusanyia kuni za kuchomea, nikangoja. Hakuniita. Nikajiambia ameniona sifai, nikaumia kimyakimya, hata nikaolewa Tarasaa.

Miaka ikapita. Nilipokwenda kumjulia hali wakati wa masika nilimkuta macho yamekwisha, vidole vimekakamaa, anakunywa maji ya mtungi wa plastiki. Wasema mfinyanzi hulia gaeni. Nyanya hata gae hakuwa nalo. Nikajikaza, nikamuuliza, "Nyanya, mbona hukunifunza?"

Akanigeukia upesi. "Mimi? Si wewe ndiye hukutaka! Kwetu mfinyanzi haiti mtu. Anayetaka huteremka mtoni mwenyewe, akachimba udongo, akauweka mbele ya mwenye kazi. Nami kwa mama yangu nilifanya hivyo. Kila asubuhi niliitazama mikono yako, naona kuni tu."

"Sikujua, Nyanya."

"Si ungeuliza?"

Nililia, naye akalia. Nikatoka mbio hadi mtoni, nikachimba, nikamwekea udongo miguuni. Akaupapasa, akaunusa. "Mzuri huu," akasema, kisha akanirudishia; vidole vyake havikuweza tena. Masika hayo hayo tulimzika.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu hawa wananiuliza mtungi hufinyangwaje. Jina nalijua, na maana yake naijua; mikono ndiyo haijui.

Basi sikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Adabu si kunyamaza. Ukiona kitu kwa mzee na moyo ukakipenda, mwambie leo, angali anaona. Usingoje akuite, huenda naye anakungoja wewe. Nasi wazee tuache kuwapima watoto kwa desturi ambazo hatukuwaeleza. Tuwaite, jamani, tuwaite.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na awaweke hai wazee wako mpaka umalize maswali yako yote. Amina.