Maneno Marefu ya Kukataa

Msimu wa pamba, Bunda ilinukia vumbi na magunia mapya. Malori yaliyokuwa yakielekea kiwandani yalidondosha nyuzi nyeupe njia nzima, upepo ukazileta mpaka shuleni kwetu pale Kabasa, zikanasa kwenye senyenge ya uzio. Nilikuwa darasa la tano, shule ya bweni ya Kiingereza, na jioni nilisimama pale nikizichomoa mojamoja, huku ng'ombe wa watu wakipita nje kurudi makwao. Kwetu ni Musoma, Nyakato. Kwa gari si mbali hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nyumbani palikuwa karibu kabisa, ila sikuwa na ruhusa ya kwenda. Bwenini nililia shuka likiwa mdomoni ili matroni asinisikie.

Shule yetu ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi mstarini mwanafunzi mmoja alitoka mbele na neno refu la Kiingereza, akataja maana yake, akalitungia sentensi, na shule nzima ikarudia. Mimi ni mwoga wa watu tangu zamani, hata leo nikitumwa dukani naanza kujisemea maneno njiani, lakini neno la kukariri halikunitisha kwa sababu halihitaji mazungumzo. Unalisema, unarudi kwenye mstari. Mwalimu wetu, Madam Neema, alitufundisha kuangalia kichwa cha neno kwanza: likianza na un, dis, in au ir, mara nyingi kuna kukataa ndani yake. Nikayapenda hayo kuliko yote. Disobedience, kutotii. Irreplaceable, kitu kisicho na mbadala. Incomprehensible, jambo lisiloeleweka hata ukieleweshwa. Wenzangu wakaniita Dikshenari. Nadhani niliyapenda kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kukataa chochote. Kwetu mtoto hamwambii baba yake "sitaki". Sikio halipiti kichwa, ndivyo tulivyolelewa.

Sasa ubaya wake ni huu. Baba ana duka la misumari, rangi na mabati pale Mukendo, mjini Musoma, na shule aliishia darasa la nne. Kila likizo aliniita dukani, akawaambia wateja wasubiri, kisha akaniambia mimi bintiye, "Mama, hebu waangushie moja." Ninasema, wao wanacheka na kupiga makofi, baba anawapunguzia bei. Kadiri nilivyosema vizuri ndivyo alivyozidi kuamini kwamba Bunda pananifaa. Kila neno nililojifunza lilikuwa kama kufuli jingine.

Basi siku ya wazazi kutembelea watoto ikafika katikati ya msimu ule. Baba alikuja na bibi kutoka Butiama, mama, na shangazi yangu mkubwa aliyebeba samaki, sato wa kukaanga, kwenye hotpoti. Nilikuwa nimeamua. Kwa Kiswahili nisingethubutu, na shuleni kilikuwa kimekatazwa, lakini kwa Kiingereza nilijiona kama mtu mwingine ndiye anayesema. Baba aliponisimamisha mbele ya wazazi wote, na mwalimu mkuu amekaa palepale, nikataja inconsolable, mtu anayelia na hakuna kinachomfariji. Maana nikaitoa kwa Kiingereza, kisha nikatunga sentensi: mimi ni inconsolable katika shule hii, tafadhali nirudisheni nyumbani.

Makofi yakapigwa. Bibi akapiga vigelegele. Baba akamgeukia Madam Neema. "Mwalimu, tutafsirie basi, wengine hatukubahatika."

Madam Neema alimtazama mwalimu mkuu, akatazama chini. "Anasema anawashukuru wazazi wake kwa kumleta hapa."

"Shukrani gani hiyo yenye makamasi?" shangazi akauliza, maana nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Dada, wewe hujui," baba akamjibu. "Kiingereza kikikolea kinatoaga machozi. Huyu haondoki hapa mpaka amalize la saba."

Watu wakacheka. Nikala sato na bibi. Walipoondoka, Madam Neema alinikuta bombani. Hakuniomba msamaha. "Ulitaka nimjibu nini, na bosi amekaa pale?" akasema polepole, kwa Kiswahili, kile kilichokatazwa. "Mwambie mwenyewe. Kwa lugha anayoisikia."

Nilisubiri mpaka likizo ya Desemba. Baba aliniita dukani kama kawaida, mbele yake kuna fundi anayenunua misumari. "Mama, muangushie mjomba moja refu."

"Baba, sitaki kurudi Bunda," nikasema.

Fundi akaacha kuchagua misumari. "Hilo nalo nani kakufundisha?" baba akauliza. Kisha akapima misumari, akaifunga kwenye gazeti, akampa fundi. Januari alinirudisha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo alivyosema tukishuka stendi. Ila siku ya kutembelewa iliyofuata alikuja peke yake, akanipeleka pembeni, akasema, "Leo usiseme neno. Niambie tu, huku unakulaje?" Nikamwambia. Alisikiliza yote, akaondoka, na mimi nikabaki mpaka la saba.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapahapa Musoma. Nalala kwetu, na yale maneno bado ninayo yote, yananipa maksi. Wageni wakiomba niseme moja, baba hukohoa na kuanza kuuliza habari za mvua. Mwezi uliopita alimwuliza mdogo wangu, mezani, mbele ya mama, kama angependa kwenda bweni. Mtoto akasema hataki, muwa umejaa mdomoni, wala hakuacha kutafuna. Baba akasema haya, akaomba chumvi. Hakuna aliyeshtuka. Nilifurahi kweli, kisha nikatoka nikakaa uani peke yangu, kwa sababu wivu ulikuwa umenishika na sikutaka mtu auone.