Mpira wa Mama Mitaro

Mafundi ujenzi wote mjini walimwita Mama Mitaro, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko kofia ya kazi aliyopewa na halmashauri, ambayo ilimshuka hadi kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mtu akitaka kujenga, sharti kwanza aoneshe mvua itakayonyesha kwenye kiwanja chake itaelekea wapi. Theluthi moja ya kiwanja ibaki udongo mtupu, maji ya bati yaingie kwenye shimo lililojazwa kokoto ili ardhi iyanywe, na yakizidi yatoke kwa mtaro, taratibu, bila kumvamia jirani. Ilikuwa sheria nzuri na hakuna aliyeipenda.

Vipimo vya kisasa alikuwa navyo, vile vya miguu mitatu. Lakini aligundua zamani kwamba mwenye kiwanja haamini kifaa asichokielewa. Atakuitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na ukigeuza mgongo anamwaga zege kila mahali. Kwa hiyo mkobani, kati ya kitana na miwani, Mama Mitaro alibeba mpira mdogo wa manjano. Akifika kwenye kiwanja kilichokwisha kusafishwa, anauweka kwenye kona ya juu, anauachia, kisha anamwambia mwenyewe aufuate. Watu wazima wenye vitambi na funguo za magari mkononi wameukimbiza mpira ule. Ukiingia kwa jirani, mwenye kiwanja ndiye anayekwenda kupiga hodi na kuuomba. Wengi walianza kuielewa sheria pale pale mlangoni, wakitafuta la kusema.

Sasa, mama huyu alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtu wa maneno mengi na mipango mingi zaidi, aliyeitwa Bosi tangu utotoni kwa sababu hakupenda kutumwa. Bosi alinunua kiwanja juu ya mteremko, ng'ambo tu ya kichochoro kutoka nyumbani kwa dada yake, ajenge vyumba vya kupangisha. Mbele ya vyumba hivyo alitaka uwanja wa saruji, ukuta hadi ukuta, wapangaji waegeshe magari. Ramani alimletea dada jikoni, meno yote nje. Dada akaitazama huku akimenya viazi, akamuuliza udongo uko wapi. Bosi akajibu kwamba udongo uko chini ya saruji.

Kibali hakupata, na hapo maneno yakaanza. Bosi aliwatangazia ndugu kwamba dada hana habari na sheria wala mvua, anachokinga ni sebule yake, kwa vile ndiye anayekaa chini. Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yaliingia akilini. Shangazi alipiga simu akimsihi amhurumie mwenzake. Binamu mmoja alianza kumsalimia kwa mkato. Mama Mitaro alikuwa amefanya kazi ile bila mtu kumnyooshea kidole, na wa kwanza kumnyooshea akawa huyu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za viatu. Ilimuuma mno. Akaenda kwa mkuu wake wa kazi, akasema kiwanja hiki ni cha ndugu yangu, apewe mtu mwingine.

Kazi akapewa mkaguzi mwenzake, mwanamume mnene, mpole, aliyeongea kana kwamba chumba cha pili kuna mtoto amelala. Alikuja asubuhi moja, akauazima ule mpira, akauachia. Bosi akaufuata amenuna. Dada alisimama kando, mikono nyuma, asije akaambiwa ameusukuma. Mpira ukateremka, ukavuka kichochoro, ukaingia nyumbani kwa dada kupitia geti lililokuwa wazi. Wote watatu wakashuka nyuma yake.

Hapo, jamani, ndipo mpira ulipomgeuka mwenyewe. Ua wa Mama Mitaro ulikuwa saruji tupu, kutoka ngazi za mlango hadi ukuta wa mwisho. Mpira haukupunguza hata mwendo. Ulikatiza ua kama aliyechelewa kazini, ukatokea kwenye tundu la ukuta wa chini na kuangukia kwa jirani, fundi cherehani. Yule mkaguzi mpole akautazama ua, akatazama viatu vyake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria, kwa bahati mbaya, inafika hadi hapa.

Mama Mitaro alilijua hilo. Saruji ile ilimwagwa kwa ajili ya harusi ya binti yake, wakati wa mvua, kwa hofu kwamba viti vya wageni vitazama matopeni. Mume wake na Bosi waliimaliza kwa siku moja, makubaliano yakiwa kwamba harusi ikipita wataibomoa na kubakiza njia tu. Harusi ilipita, lakini kabla ya kubomoa mume akaugua, na hakuinuka tena. Na karibu na bomba, kwenye saruji, ulibaki unyayo mmoja wa mguu mtupu. Jioni ile ya kazi mke alikuwa ameuliza kwa ukali nani kaniharibia sakafu yangu mpya, na mume akacheka, akasema ni mimi, nisamehe. Tangu msiba, kila asubuhi aliufagia ua wote kwa ufagio, lakini unyayo aliupangusa kwa mkono. Yeye aliyewapeleka watu wazima kupiga hodi kwa majirani, nyumbani kwake alikuwa amefumba jicho.

Bosi aliona upenyo, akautumia, mbele ya mkaguzi.

"Siku utakayovunja ua wako, dada, ndiyo siku nitakayoacha udongo kwangu. Na shimo nitachimba kwa mikono yangu mwenyewe."

Alilisema kwa raha zote, maana habari za unyayo ule ukoo mzima ulizijua. Dada alitoka, akazunguka ukuta na kupiga hodi kwa fundi cherehani kuomba mpira wake. Fundi akamrudishia, ukiwa umekwisha kufutwa vumbi. Mama Mitaro akamuuliza kama maji huwa yanafika. Kila mvua, mama, fundi akasema, na huziinua cherehani juu ya matofali. Hakuwahi kulalamika. Angelalamika kwa nani?

Jumamosi Mama Mitaro alifunga kitambaa kichwani, akashika nyundo kubwa ya kuazima na kuanza kupiga karibu na geti. Mshindo ulimfikia Bosi huko juu. Akashuka akiamini dada anatisha tu. Alipoona vipande vikiruka alisimama kidogo, kisha akachukua mtaimbo bila salamu na kuanza kubandua. Walifanya kazi hivyo, jasho likiwatiririka, mpaka kikabaki kile kipande cha bombani.

Mama Mitaro akainua nyundo. Akaishusha, akaiinua tena, na machozi yakamtoka waziwazi, hata hakuyaficha.

"Dada, acha," Bosi akasema. "Huo unyayo ni wangu."

Akavua kiatu, akauweka mguu wake pale. Uliingia barabara, pamoja na kile kidole cha mwisho kilichomlalia mwenzake, alichorithi kwa mama yao. Alikuwa anasukuma toroli, akasema, ndara ikachomoka. Shemeji ndiye aliyemwambia anyamaze, dada asije akamfukuza kabla ya harusi.

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilikuja kukwambia baada ya msiba. Nikakukuta unaupangusa."

Mama Mitaro akakaa chini juu ya kifusi, akacheka na kulia kwa pamoja. Bosi, kwa unyonge usio wa kawaida yake, akamwambia basi sasa avunje tu, hakuna kitu pale. Dada akaisukuma nyundo kando. Akamwambia akate kuzunguka, na ole wake mtaimbo ukigusa ukingo.

Kipande kile kipo hadi leo, ukubwa wa sinia, katikati ya udongo. Huko juu Bosi alipunguza nafasi za magari na kuchimba shimo lake, akilalamika kwa sauti iliyofika sokoni, na yule mkaguzi mpole akampa kibali. Mvua zilipokuja, cherehani za jirani hazikuinuliwa.

Asubuhi moja Bosi alipita kunywa chai, akamkuta dada ameinama bombani, anapangusa kwa kiganja. Akamuuliza kwa nini bado anahangaika na mguu wake mbovu.

"Wako nina haja nao gani?" dada akasema, bila kuinua kichwa. "Naupangusa wa yule aliyesema ni wake."